Tumwamini Nani? Namna Waganga Wanavyochuja Utafiti Juu ya Majeraha ya Moyo



Mara nyingi mnapokea wageni wenye karatasi mkononi. Mmoja anauliza maswali mengi. Mwingine anasema ameleta njia mpya ya kuponya majeraha ya moyo. Wa tatu ana dawa. Wote wanamalizia kwa neno moja: "Utafiti umeonyesha." Katika mkutano mmoja wa kamati, baba mmoja aliyekimbia vita upande wa Mitwaba alituuliza swali ambalo siku ile hatukuweza kulijibu: "Kama kila mmoja ana utafiti wake, sisi tumfuate nani?"

Makala hii ni jibu letu kwa baba yule. Tutaeleza namna waganga na wauguzi wanavyochagua utafiti wa kuamini, chujio hilo limesema nini juu ya watu walioumizwa na vita, na namna ninyi wenyewe mnavyoweza kulitumia kabla ya kumfungulia mgeni mlango.

Majeraha ya moyo ni nini

Tunasema juu ya hali ambazo familia nyingi zinazifahamu. Mtu anaota ndoto mbaya za yaliyompata. Anashtuka mlango ukigongwa. Anakwepa njia au watu wanaomkumbusha siku ile. Mwingine hana usingizi, hana hamu ya kula, anakaa peke yake, anasema maisha yake yamekwisha. Katika majuma ya kwanza baada ya hatari, mambo haya huwapata watu wengi na kwa wengi hupungua polepole. Yakidumu kwa miezi na kumzuia mtu kufanya kazi au kulea watoto, huo ni ugonjwa unaohitaji msaada. Hali hizi hazina maana kwamba mtu amekuwa mwendawazimu, wala kwamba imani yake ni ndogo.

Kosa letu sisi wenyewe

Kabla ya kuwafundisha wengine, tukiri letu. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yetu tuliamini kwamba mtu aliyeumizwa anapaswa kueleza yote mapema, kama vile jipu linavyotumbuliwa ili usaha utoke. Familia mpya zilipofika tuliketi na kila mtu mzima kwa kikao kimoja, tukamwomba asimulie kila kitu alichokiona. Tuliandika, tukashukuru, tukaenda zetu.

Mama mmoja alisimulia kwa saa mbili. Tuliporudi juma lililofuata, binti yake alitupokea nje ya nyumba. Hakutukaribisha ndani. Alisema: "Tangu mlipoondoka, mama halali. Mlimfungua, hamkumfunga."

Je, kikao chetu ndicho kilichomuumiza? Hatuwezi kusema kwa hakika. Labda angekosa usingizi hata tusingefika. Lakini pia tulikuwa na watu waliotuambia kwamba baada ya kusema wamepata nafuu, nasi tulikuwa tukiwataja hao katika ripoti zetu kama ushahidi kwamba njia yetu ni nzuri. Kama hali ya mama yule haitoshi kuwa ushahidi wa ubaya, basi nafuu ya wale wengine haitoshi kuwa ushahidi wa uzuri. Hapo ndipo utafiti wa kweli unapoanza.

Kwa nini ushuhuda peke yake hautoshi

Watu wengine hupona bila tiba yoyote. Katika kambi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti waliwafuata wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kundi moja lilipewa tiba ya kusimulia maisha yote kwa mpango, kundi la pili lilipewa ushauri wa kawaida wa kiwewe, na kundi la tatu lilipimwa tu. Baada ya miezi tisa, watu 70 kwa 100 wa kundi la kwanza hawakuwa tena na ugonjwa, na 65 kwa 100 wa kundi la pili. Na wale waliopimwa tu? Hata wao, 37 kwa 100 walikuwa wamepona.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Kama mtu angekwenda kambini na maji ya chumvi, akawapa watu mia, baada ya miezi tisa angeweza kuleta mashahidi 37 wa kweli, wasiodanganya, wanaosema: "Nilikunywa, nikapona." Ndiyo maana mganga haulizi tu ni wangapi waliopona. Anauliza: ni wangapi zaidi ya wale ambao hawakupewa?

Tunaona pia jambo la pili. Njia mbili za tiba zilikaribiana sana, na waliozitoa walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa majuma machache. Hawakuwa madaktari.

Chujio lilivyotengenezwa

Kila mwaka duniani huchapishwa maelfu ya tafiti. Muuguzi anayepokea wagonjwa tangu asubuhi hawezi kuzisoma. Daktari mmoja wa Uingereza, Archie Cochrane, aliandika mwaka 1972 kwamba tiba nyingi zinatolewa kwa mazoea tu bila kupimwa kwa haki. Mwaka 1993 wenzake walianzisha ushirika wenye jina lake, unaokusanya tafiti zote juu ya swali moja na kuzipima pamoja.

Kwa upande wa afya ya akili, mwaka 1998 lilianza huko Uingereza jarida lililoitwa Evidence-Based Mental Health. Mmoja wa wahariri wake wa kwanza alikuwa Profesa John Geddes wa Oxford. Kazi yake ilikuwa kusoma majarida mengine mengi, kutupa yasiyofaa, kisha kufupisha kila utafiti uliobaki katika ukurasa mmoja, na kumwomba mganga mwenye uzoefu aseme: hili linabadili nini katika kazi yetu? Tangu mwaka 2023 jarida hilo linaitwa BMJ Mental Health.

Muhimu kwetu ni masharti yake. Kwa utafiti juu ya tiba, jarida lilidai hasa mambo matatu: wagonjwa wagawanywe kwa kura, angalau watu 80 kwa 100 wa walioanza wafuatwe mpaka mwisho, na kilichopimwa kiwe kitu chenye maana kwa maisha ya mgonjwa. Tuyatazame kwa mfano wa kwetu.

Mfano wa kwetu: akina mama wa Kivu

Mwaka 2013 jarida kubwa la waganga la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa nchi yetu juu ya akina mama waliotendewa ukatili wa kingono. Uliongozwa na Judith Bass wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wenzake, kwa ushirikiano na shirika la IRC. Kazi ilifanyika katika lugha za mahali, Kiswahili kikiwemo. Tuuulize maswali manne.

Swali la kwanza: watu waligawanywaje? Ilipigwa kura kwa vijiji, kama tombola. Vijiji vingine vilipata tiba ya vikundi, vingine vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Hesabu ya mwisho ilikuwa na vijiji 7 vya tiba vyenye akina mama 157, na vijiji 8 vya msaada vyenye akina mama 248. Kwa nini kura? Kwa sababu mtu akichagua mwenyewe, atawapeleka kwenye tiba wale wenye nguvu kidogo, au jamaa zake, kisha atasema tiba imewaponya. Kura haina jamaa.

Swali la pili: walilinganishwa na nani? Hawakulinganishwa na watu walioachwa bure. Vijiji vya msaada vilikuwa na wasaidizi wale wale wa kike, wenye kusikiliza na kuelekeza kwenye huduma. Jambo hili linaupa utafiti heshima. Lakini pia lina kasoro: upande mmoja ulikuwa wa vikundi na mwingine wa mtu peke yake, kwa hiyo ni vigumu kujua ni kiasi gani kilitokana na tiba yenyewe na kiasi gani kilitokana na akina mama kuketi pamoja.

Swali la tatu: wangapi walibaki mpaka mwisho? Hapa utafiti unapungukiwa. Waliopimwa mara zote tatu walikuwa 65 kwa 100 upande wa tiba na 52 kwa 100 upande wa msaada. Hawa wako chini ya zile 80. Mwanamke anayekimbia tena vita hawezi kungoja kupimwa, na watafiti walilisema jambo hilo wazi. Mganga mwangalifu hatupi utafiti kwa ajili hiyo peke yake, lakini anapunguza kidogo uhakika wake.

Swali la nne: kilipimwa nini, na lini? Walipima huzuni, wasiwasi, kiwewe, na uwezo wa kufanya kazi za kila siku, mwishoni mwa tiba na tena miezi sita baadaye. Baada ya miezi sita, akina mama 9 tu kwa 100 upande wa tiba walionekana bado kuwa na huzuni au wasiwasi wa ugonjwa. Upande wa msaada walikuwa 42 kwa 100. Kwa kiwewe tofauti ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Tofauti kubwa kiasi hiki si rahisi kuielezea kwa kasoro tulizozitaja.

Na tiba yenyewe ilikuwa nini? Kikao kimoja cha mtu peke yake na vikao 11 vya kikundi. Akina mama walijifunza kuyachunguza mawazo yaliyowafunga: "Ni kosa langu." "Sina thamani tena." "Hakuna mtu wa kumwamini." Waliongozwa na wanawake wa hapo hapo, wengi wao bila diploma ya chuo kikuu, waliofunzwa na kusimamiwa vizuri. Na lililotugusa zaidi ni hili: katika namna iliyotumika, hawakulazimishwa kusimulia kwa urefu yaliyowapata. Walipata nafuu bila hilo.

Chujio limekubali nini, limekataa nini

Kikao kimoja cha kueleza yote. Hii ndiyo njia yetu ya zamani. Ushirika wa Cochrane ulikusanya tafiti juu yake, na muhtasari wa mwaka 2002 ulikuwa wazi: kikao kimoja cha namna hiyo, kinachofanywa muda mfupi baada ya tukio, hakizuii kiwewe. Katika utafiti mmoja, mwaka mmoja baadaye waliopewa kikao hicho walikuwa wagonjwa zaidi kuliko wasiopewa. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri kisitumike kwa watu waliopatwa na hatari karibuni. Sisi tumeacha. Tusieleweke vibaya: kusimulia si sumu. Nakivale watu walisimulia wakapata nafuu, lakini kwa vikao vingi, kwa mpango, na mshauri aliyerudi. Kasoro ni kumfungua mtu na kumwacha wazi.

Vidonge vya usingizi na vya kutuliza. Familia nyingi hununua diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, bila kumwona mganga. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 yanasema dawa za jamii hii zisitolewe kwa ajili ya mshtuko au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la hatari. Mwili huzizoea, na kiwewe hakitibiwi. Lakini angalieni: mtu aliyezitumia kwa muda mrefu asiache ghafla, kwani inaweza kuleta degedege. Aende kituo cha afya apunguziwe polepole. Na mgonjwa wa kifafa asiache kamwe dawa zake kwa sababu ya makala hii.

Huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wake ulitolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake. Unafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini. Sikiliza asemayo mwenyewe, bila kumbana. Unganisha na chakula, maji, jamaa, matibabu. Huu hauitwi tiba, nao hauhitaji daktari. Kiongozi wa mtaa anaweza kujifunza.

Vikundi vinavyoongozwa na watu wa mahali. Hapa ushahidi ni mzuri. Katika wilaya za Rakai na Masaka huko Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipiga kura kwa vijiji 30. Watafiti walianza kwa kuwauliza watu maneno yao wenyewe kwa huzuni ya ugonjwa, na wakapata maneno ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia. Baada ya majuma 16 ya vikundi, waliobaki na huzuni kubwa walikuwa karibu 7 kwa 100, dhidi ya karibu 55 kwa 100 katika vijiji ambavyo havikupata vikundi. Huko Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi wa kike 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Vikundi vilisikiliza masomo matano yaliyorekodiwa na kutumia kitabu cha picha, na miezi mitatu baadaye walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao.

Watoto. Kutoka Beni tuna tafiti mbili za mwaka 2013, moja ya wasichana 52 na nyingine ya wavulana 50 walioguswa na vita. Vikao 15 vya kikundi viliwasaidia kuliko kungoja tu. Ni tafiti ndogo, kwa hiyo tunazipokea kwa furaha na kwa tahadhari.

Jambo hili linahusu nini amani?

Linahusu sana. Mnakumbuka maneno yanayotokea msaada unapofika kwa watu wa mtaa mmoja na kuwaruka wengine. Kati ya waliotoka Tanganyika, Pweto, Kivu, na wenyeji waliowapokea, shaka ni rahisi: "Wamewapa wao kwa sababu ni watu wao." Utafiti wa kura unaweza kuwasha moto huo kama haukuelezwa. Lakini kura ikipigwa hadharani, mbele ya wazee wa pande zote, na waliongoja wakiahidiwa kupata zamu yao na kuipata kweli, hata aliyekosa leo anajua kwamba hakunyimwa kwa ajili ya kabila lake. Tumeona mkutano mzima ukinyamaza mtoto mdogo akiokota karatasi kofiani. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu wote waliona.

Na mtu asiyelala, anayeshtuka kila sauti, ni vigumu kumwambia amsamehe jirani. Amani nayo inahitaji watu waliopumzika.

Maswali ya kumuuliza mgeni

Mgeni akifika na "utafiti umeonyesha", kiongozi ana haki ya kuuliza kwa heshima:

1. Njia yako ilijaribiwa kwa nani? Watu wanaofanana nasi, au watu wa mbali wenye maisha mengine?
2. Walilinganishwa na nani, na nani aliamua nani apate?
3. Walioanza walikuwa wangapi, waliomaliza wangapi?
4. Mlipima baada ya muda gani? Baada ya siku moja, au baada ya miezi?
5. Maswali yenu yako katika lugha yetu, kwa maneno tunayoyatumia?
6. Mtu akiumia zaidi baada ya kusema nanyi, nani atarudi kwake, na lini?
7. Mtu akikataa kujibu, atapoteza msaada wowote?
8. Matokeo yakipatikana, mtarudi kutueleza?

Jibu la swali la saba lazima liwe "hapana". Na asiyekuwa na jibu la swali la sita, msimfungulie mlango wa mama aliyeumia. Swali hilo halihitaji elimu kubwa. Binti yule aliliuliza kabla yetu.

Lini tusingoje

Kuna hali zisizongoja kikundi wala utafiti: mtu anayesema anataka kujiua, asiyekula wala kunywa, anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeleta hatari kwa watoto. Msimwache peke yake, ondoeni karibu naye visu, kamba na sumu, na mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Hapa Lubumbashi kuna pia Kituo cha Magonjwa ya Akili Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo. Maombi yana nafasi yake, na wengi hupata nguvu ndani yake. Lakini mgonjwa asifungwe minyororo, asipigwe, asinyimwe chakula kwa jina la kumwombea.

Kwa kumaliza

Baba yule wa Mitwaba aliuliza: tumfuate nani? Leo tunamjibu: baba, usimfuate mtu kwa sababu ya karatasi yake, hata sisi. Mwulize alilinganisha na nini, wangapi walibaki, na kama atarudi.

Nasi tulirudi kwa mama yule. Hatukumwomba asimulie tena. Tulikunywa chai, tukasaidia kumwandikisha mtoto shuleni, na baadaye alijiunga na kikundi cha akina mama wa mtaa. Hatusemi kwamba kikundi ndicho kilichomponya, kwa kuwa mtu mmoja si utafiti. Ila sasa binti yake hutukaribisha ndani.